Mama Mkwe Kwenye Kitanda cha Mtihani

Kwa mgonjwa aliyepasuliwa tumbo, unatazama kwanza, halafu unasikiliza, halafu unagonga kwa vidole, na kupapasa kunakuja mwisho. Ukipapasa kabla ya kusikiliza umekwisha kuharibu, kwa maana mkono huyachokoza matumbo, nayo huanza kunguruma kwa sababu yako wewe, si kwa sababu ya uzima. Maneno hayo niliyameza kwa Kifaransa nikiwa shule ya uuguzi huko Fizi, milimani, katika darasa ambalo mvua ikinyesha mwalimu aliacha kusema mpaka mabati yanyamaze. Mashine ya kunyonya uchafu wa tumbo tuliichora ubaoni. Mrija wa kutolea usaha tuliuchora. Glovu tulizichora pia, na siku ya mazoezi tukavaa mifuko ya plastiki iliyofungiwa sukari. Mwalimu alituambia vitu vyenyewe tutavikuta mbele ya safari. Mimi niko mbele ya safari sasa, na vingi sijavikuta.

Naandika haya kwa sababu watu wa Lweba wanasimulia kisa changu vibaya. Wanaanzia katikati, kwenye kitenge kilichofunuliwa, halafu wanacheka. Acha nianzie mwanzo, na anayetaka kucheka acheke baadaye.

Kwetu, ukimaliza shule ya uuguzi bado hujawa muuguzi. Lazima usimame mbele ya juri, watu waliotumwa kutoka mjini pamoja na wakubwa wa hospitali, wakuulize kwa Kifaransa, ndipo upewe karatasi. Sehemu ya kwanza ni ya kuandika. Ya pili ni ya mikono, nayo ina vituo viwili: kitanda na meza. Kitandani unapewa mgonjwa wa kweli, umchunguze mbele ya juri na kueleza utamfanyia nini. Mezani unapanga vyombo vya upasuaji na kuvitaja jina kimoja kimoja. Ukitoka kitandani unakwenda mezani moja kwa moja, bila kupita pengine, ili usikutane na mtu wa kukunong'oneza. Anayetoka nje ya mstari huo anahesabiwa hakuja.

Mimi nilikuwa nimechelewa kuifikia juri hiyo. Mwaka wa kwanza barabara ilifungwa kwa risasi, juri haikuweza kushuka. Mwaka uliofuata niliugua. Wakati huo wote nilikuwa nafanya kazi katika kituo kidogo cha afya si mbali na Lweba, pale ufukweni mwa Tanganyika. Nilichoma sindano, nilipokea watoto, nilishona majeraha ya panga, na watu waliniita muganga. Wakubwa waliniita stajiye, yaani mwanafunzi wa mazoezi, kama mtu aliyefika jana. Halafu akaja msimamizi mpya, akatutangazia kwamba mwaka ule ukiisha asiye na karatasi atashika ufagio au atarudi kwao. Kwa hiyo nilikwenda Baraka kwenye mtihani nikijua ninachokiendea. Nilikuwa na mke, nilikuwa na watoto, na sikuwa na shamba la maana.

Sasa mama mkwe.

Kwa upande wa mke wangu, mkwe na mama mkwe hawaonani ovyo. Nikikutana naye njiani, mimi naingia kwenye majani, natazama ziwa. Yeye anajifunika kichwa na kupita. Sijawahi kumwona akila. Hajawahi kuniona nikiwa kifua wazi. Akiwa na neno la kuniambia, anamwambia binti yake kwa sauti ya kutosha, nami nasikia, kisha binti yake ananirudilia lile lile kana kwamba mimi ni kiziwi. Vijana wa Baraka wanaocheka mambo haya wanayacheka mpaka siku wanapooa. Wakishaoa, utawaona wamesimama kwenye majani na wao.

Na nisieleweke vibaya: nilimheshimu yule mama, na kwa namna yetu ya kutotazamana nilimpenda. Alikuwa mlimaji wa mihogo, mwenye mikono mikubwa, aliyewavusha watoto wake katika vita mbili bila kumwacha hata mmoja porini. Alikuwa na ngiri ya miaka mingi. Alikuwa ameificha kwa kufunga kitenge kwa nguvu. Mimi, muganga wa kijiji kizima, sikujua kwamba mama wa mke wangu ana ngiri, kwa maana hakuna njia ambayo ningejulishwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua, wanasema wazee. Wazee hao hao ndio walioweka mwiko.

Wiki ya mtihani ngiri ile ilijibana. Alitapika, tumbo likavimba, wakampakia kwenye pikipiki katikati ya watu wawili na kumleta Baraka. Sitaitaja hospitali. Daktari mpasuaji alikuwa mmoja tu, mtu mzuri aliyechoka, na alimfungua siku ile ile. Kipande cha utumbo kilikuwa kimekuwa cheusi. Alikikata na kushona ncha mbili pamoja.

Hapo ndipo hofu yangu ilianzia. Utumbo ulioshonwa unaweza kuachia siku chache baadaye, wakati kila mtu amekwisha kumshukuru Mungu. Uchafu unavuja tumboni, tumbo linakuwa gumu, joto linapanda, mapigo yanakimbia, na usipofunguliwa upya unakufa. Nilijua pia dalili njema tunayoingoja: mgonjwa atoe hewa. Mtu aliyepasuliwa utumbo akijamba, muuguzi anafurahi kuliko bibi arusi, kwa sababu njia imefunguka na anaweza kuanza kula.

Mimi nilisimama barazani, kwa kuwa mkwe haingii mahali mama mkwe amelala. Mke wangu ndiye aliyekuwa gardemalade, yaani ndugu anayelala chini ya kitanda, anapika, anafua, anamwaga ndoo. Nilimtuma amuulize mama kama ametoa hewa. Alirudi akiwa ameshika mdomo. Mama alikuwa ameuliza swali hilo linatoka kwa nani, na aliposikia linatoka kwangu alijifunika shuka mpaka kichwani.

"Aniambia niseme iko sawa," mke wangu alisema. "Anasema mukwe asiulize tena ile kitu."

Kila siku jibu lilikuwa hilo. Iko sawa. Nilitamani kuvunja mlango, na nilikaa kwenye baraza nikirudia majina ya makoleo ya upasuaji kwa Kifaransa.

Kuwauliza wauguzi wa wodi hakukunisaidia. Juri ilikuwa inakuja, na hospitali nzima ilikuwa imeshika chokaa. Shuka nyeupe ambazo hazikuwahi kuonekana zilitoka ghalani zikiwa na mikunjo ya sanduku. Ndoo zilifichwa. Karatasi za joto zilizoning'inia kwenye vitanda zilijazwa upya ili ziwe safi, na wodi nzima, mwenye malaria na mwenye usaha, ikawa na joto la mtu mwenye afya asiye na neno. Nilimwambia muuguzi mmoja, mwanamke tuliyesoma naye, amwangalie yule mama kwa makini. Alinijibu, bila ubaya, kwamba atamwangalia wageni wakiondoka.

Asubuhi ya mtihani waliwatoa magardemalade wote uani ili wodi ipumue. Mke wangu alitoka na sufuria yake. Sisi tulisimama kwa mstari, blauzi nyeupe za kazi, viatu vya kuazima. Mkuu wa juri alizungusha kofia yake yenye vikaratasi vya namba za vitanda. Nilichota, nikasoma namba, nikaingia wodini kwa mara ya kwanza, nikavifuata vitanda kwa macho. Kabla sijafika nilimjua kwa miguu, maana miguu ndiyo niliyokuwa nikiiona siku zote nikiinamisha kichwa njiani.

Naye aliniona. Alivuta shuka.

Niligeuka nikamwambia mkuu wa juri, kwa Kifaransa, kwamba huyu ni mama mkwe wangu, na kwa desturi yetu siwezi kumgusa wala kumtazama. Ninaomba kitanda kingine. Mkuu alikuwa mtu mnene mwenye miwani, si mkali. Aliwatazama wenzake wawili. Akasema kila mwaka kuna mtu anayejidai ana undugu na mgonjwa mgumu. Akasema kofia ni kofia. Kisha akaongea Kiswahili, ili wagonjwa nao wasikie jinsi elimu inavyosema.

"Hapa hapana mama mukwe. Hapa kuko malade. Unamuchunguza, ao naandika zero?"

Nitakueleza nilichokiona wakati ule. Niliona ufagio wa kituo. Nilimwona pia mke wangu dirishani, amebana uso kwenye wavu pamoja na wanawake wengine, na nilijua kwamba lolote nitakalofanya litafika Lweba kabla yangu. Sikusogea. Kalamu ya mkuu ilikuwa imeshuka kwenye karatasi yake.

Ndipo mama mkwe alipougeuza uso wake ukutani, akachukua pembe ya kitenge akaiweka katikati ya meno, akaitoa tena kidogo ili aseme. Hakumwambia binti yake safari hii. Aliniambia mimi, mara ya kwanza tangu nioe.

"Fanya kazi yako, mukwe. Mi siko hapa."

Akajifunua mwenyewe.

Nilitazama. Tumbo lilikuwa limevimba, linang'aa, na lilikuwa halipandi na pumzi. Alikuwa anapumulia kifuani tu, kifupi kifupi. Bandeji ilikuwa safi, mpya, ya juri. Nilisikiliza. Niliweka kifaa cha kusikilizia pembe zote nne za tumbo na sikusikia kitu, hata mlio mmoja. Mwanamke mmoja wa juri aliniambia muda unakwenda. Niliendelea kusikiliza, kwa kuwa niliogopa kinachofuata. Niligonga. Nikapasha mikono joto kwa kuisugua, kama tulivyofundishwa, nikapapasa.

Tumbo lilikuwa ubao.

"Mama," nilimuuliza, "inauma?"

"Hapana. Iko sawa."

Jasho lilikuwa linamtiririka sikioni. Vidole vya miguu vilikuwa vimejikunja kama vya mtu anayeshuka mlima wa utelezi. Mama mkwe halii mbele ya mkwe; afadhali afe, na ndicho alichokuwa anakifanya. Kwenye kitanda cha pili alilala mkimbizi kutoka Burundi aliyekuwa amevunjika paja. Yeye alidiriki kusema kwamba huyu mama hajalala tangu juzi, anatafuna nguo. Wakamwambia anyamaze, asimsaidie mtahiniwa.

Nilishika mkono wa mama mkwe nikahesabu mapigo. Yalikuwa yanakimbia, membamba. Ngozi ilikuwa ya moto, na karatasi juu ya kichwa chake ilisema hana joto. Nikageukia juri nikaeleza. Nilisema mgonjwa anakana maumivu kwa sababu mimi ni mkwe wake, kwa hiyo kinywa chake kisiaminiwe, tuamini mkono. Nilisema tumbo gumu, matumbo yamenyamaza, mapigo ya mbio, homa. Mshono wa utumbo umeachia na usaha unatapakaa.

Mkuu wa juri alivua miwani. Alifurahi. Aliniuliza, sasa muuguzi afanye nini.

Nilijibu kama maji. Asinywe wala kula kitu. Mrija wa puani mpaka tumboni. Dripu, mishipa miwili ikipatikana. Kupima mkojo. Kumlaza nusu kukaa. Na kabla ya yote hayo, kumjulisha daktari mpasuaji mara moja, kwa sababu kila saa inayopita inamuua.

"Très bien," alisema mkuu. Aliandika. Mwanamke aliyelalamikia muda naye aliandika, na wa tatu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha wakafunga mafaili yao, wakasogea kwenye kitanda kinachofuata, ambako mtahiniwa mwingine alikuwa tayari amesimama na namba yake mkononi.

Nilingoja. Nilidhani mmoja wao anakwenda. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hakuna anayekwenda. Kwao nilikuwa nimesoma shairi, na nilikuwa nimelisoma vizuri. Nilimfuata mkuu nikamwambia, lakini mkubwa, ni kweli. Alinijibu kwa upole kwamba ndiyo, ni kweli kabisa, jibu zuri sana, niende mezani.

Hasira ile ninayo mpaka leo. Hawakuwa watu wabaya, na hilo ndilo linalonichoma. Mtu mbaya ungemkamata shati.

Yule muuguzi tuliyesoma naye alikuwa amesimama mlangoni na beseni la kunawia wageni. Nilimwambia. Alisema daktari yuko kwenye juri ya pili, katika wodi ya wazazi, na juri ikikaa haifunguliwi mlango. Tungoje mapumziko ya saa sita. Upande mmoja wa uwanja niliiona meza, na vyombo vinang'aa juu yake, na katibu wa juri anasoma majina. Jina langu lilikuwa la pili. Makoleo yote niliyajua. Ningeweza kuyapanga nimefumba macho, yale yenye meno na yasiyo na meno, mikasi iliyopinda na iliyonyooka.

Nilivuka uwanja kwenda upande mwingine. Katibu aliniita kwa jina mara mbili, kwa sauti ya kushangaa.

Mlango wa wazazi niliufungua bila kubisha. Daktari alikuwa amekaa katikati ya wengine, amelegea kwenye kiti. Nilianza kwa Kifaransa, kwa heshima zote, na watu wa pale wakanikatiza, wakaniambia mtahiniwa haruhusiwi, nitoke. Mmoja alikuwa amekwisha kunishika bega. Basi nikaacha Kifaransa.

"Docteur, mama mukwe wangu anakufa. Tumbo imekuwa mbao. Njoo."

Sijui ni neno gani lililomwinua. Labda hakuwahi kusikia mtu akisema mambo hayo katika lugha hiyo ndani ya chumba cha mtihani. Alisimama, kiti kikaanguka, akapita katikati yetu akiwa bado na kalamu mkononi. Alipomgusa mama mkwe tumboni, mama mkwe alilia, kwa kuwa daktari si mkwe wake. Alilia mpaka wanawake wa dirishani wakaanza kulia naye.

Walimfungua tena mchana ule. Mshono ulikuwa umeachia, kama nilivyosema. Daktari aliosha tumbo, akatoa utumbo nje ya ngozi kwa muda ili upumzike, na baadaye akaniambia kwamba tungengoja mapumziko ya saa sita angekuwa anamwandikia cheti cha kifo. Nilipotoka kumshukuru nilikwenda mezani. Vyombo vilikuwa vimekwisha kufungwa kwenye kitambaa. Nilimweleza katibu, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema anasikitika, ila kama kila mtahiniwa akiwa na mgonjwa basi juri haitamalizika. Nilicheka. Ni kosa kumchekea mkubwa, lakini fikiria mwenyewe: mtahiniwa wa uuguzi mwenye mgonjwa.

Matokeo yalipobandikwa jina langu halikuwemo. Nilikutana na yule katibu barabarani Baraka, kwenye soko la dagaa, na kwa kuwa hakuwa tena kazini aliniambia wazi. Kitandani nilikuwa wa kwanza kati ya wote. Swali la muuguzi afanye nini nilipewa alama zote. Mezani: hakuja. Nilipata alama zote kwa kusema nitamwita daktari, nikapata sifuri kwa kwenda kumwita. Mwenyewe aliona ni jambo la ajabu, akatikisa kichwa, akalipa dagaa zake akaenda.

Msimamizi alitimiza neno lake. Sikushika ufagio; nilirudi nyumbani.

Mama mkwe alirudi Lweba baada ya kukaa hospitali muda mrefu, amekonda. Alirudishwa tena Baraka baadaye, utumbo ukaingizwa ndani, akapona kidonda. Kidonda chake alikuwa akisafishwa na binti yake. Mimi nilikuwa nakaa nyuma ya ukuta wa udongo nikitoa maagizo, na majibu yananijia kwa sauti ya mke wangu: pembeni pekundu, katikati peupe, hapanuki. Hilo lilikuwa halina mwiko.

Ndipo wajomba wa mke wangu, yaani kaka zake mama mkwe, wakaniita. Walikaa uani kwa mama mkwe, wanaume watano wenye umri. Mama mkwe mwenyewe alikuwa ndani, mlango umerudishwa. Nilipewa kigoda mbali kidogo. Mkubwa wao, mlimaji mwenye sauti ya taratibu ambaye sijawahi kumsikia akitukana mtu, alisema wamenishukuru kwa uzima wa dada yao. Alilisema hilo vizuri, na wengine wakaitikia. Kisha akasema kuna lile jingine.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilisema ilikuwa kazi. Nilisema yule daktari pia alimwona, na zaidi ya hapo akampasua, na hakuna aliyemwita uani.

Mjomba alifikiri. Hakuwa anatafuta ugomvi, alikuwa anatafuta njia ya haki.

"Docteur iko na karatasi," alisema. "Kama na we ungekuwa infirmier, tungesema ni kazi, tungenyamaza. Lakini tumesikia karatasi hawakukupa. Sasa sisi tufanye namna gani? Kama hauko infirmier, basi uko mukwe tu, na mukwe alimuona mama mukwe."

Wale wa juri walisema hapana mkwe, kuna mgonjwa. Hawa wanasema hapana muuguzi, kuna mkwe. Na kila upande ulikuwa na sheria yake, na kila sheria ilipomaliza kazi aliyeumia alikuwa mimi. Nilitaka kuwaambia kwamba karatasi hiyo niliiacha juu ya meza kwa ajili ya dada yao. Nilimwona mke wangu kwenye kizingiti, anatazama chini. Nikawauliza wanataka nini. Nilitoa mbuzi wa kuosha ile aibu, na kitenge kipya.

Mbuzi alichinjwa pale pale, akapikwa. Mimi sikuonjeshwa, kwa sababu anayelipa hali alicholipa. Nilikaa kwenye kigoda changu nikitazama watu wakila, na nakiri nilikuwa nimejaa chuki mpaka kooni, kwa juri, kwa wajomba, kwa mbuzi mwenyewe. Mke wangu akatoka ndani. Alisimama mbele ya wanaume, akasema kwa sauti ya kawaida:

"Mama anauliza kama ile nyama anaweza kula."

Mikono ilikuwa kwenye sinia, ikasimama. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakageuka kunitazama mimi. Mjomba mkubwa alikuwa wa kwanza.

Ningeweza kuwaambia wakamuulize mwenye karatasi. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini ule utumbo ulikuwa umepita chini ya kisu mara tatu.

Nilisema mchuzi anywe, kidogo kidogo. Nyama bado, akitaka sana, wamkatekate vipande vidogo, atafune mpaka ilainike, na tumbo likimsokota aache.

"Umesikia?" mjomba alimwambia mke wangu. "Mchuzi. Nyama musimupe mingi, fanya vile muganga anasema."

Alirudisha mkono kwenye sinia, akala, akalamba vidole. Halafu akanisogelea kidogo na kigoda chake, akainamisha sauti, kwa adabu kabisa.

"Na mi na presha yangu," aliniuliza, "hii chumvi haiko mingi?"

Nikamwambia ni nyingi.